Mama Breki, Aliyeupa Mlima Njia Mbili

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii punguzeni kazi kidogo. Aliye jikoni apunguze moto, aliye dukani amhudumie mteja wake kisha arudi hapa. Tunamkumbuka mama mmoja wa mjini kwetu. Jina alilopewa na wazazi wake wengi hatukulijua. Sisi tulimwita Mama Breki.

Mama Breki ametutoka wiki mbili zilizopita. Alifariki nyumbani kwake, kitandani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono. Moyo ulikuwa umemsumbua kwa muda mrefu. Alikuwa fundi cherehani. Tena alikuwa mwendesha baiskeli wa mlimani. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: fundi cherehani, bibi mwenye wajukuu, mwendesha baiskeli wa mlimani.

Mlima wenyewe mnaujua. Ni ule unaouona juu ya mapaa ukianika nguo.

Mumewe alikuwa tarishi. Alipofariki aliacha baiskeli ya chuma tupu, nzito kama kabati, imeegemezwa ukutani sebuleni. Ndugu wakashauri iuzwe. Mama akasema haiuzwi. Wakamuuliza, sasa ataipanda nani? Akasema, "Mimi." Wakadhani ni majonzi yanasema. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini na hajawahi kukalia baiskeli maishani.

Binti yake alinisimulia haya huku akicheka na kufuta macho:

"Alijifunzia kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya soko, Jumapili asubuhi, pakiwa patupu. Mimi nilikuwa nasimama mbali, najifanya simjui. Basi akianguka ananiita kwa jina langu kamili, na la baba juu yake, ili kila mtu ajue huyu aliyeanguka ni mama yangu."

Akajua kuendesha. Akaipeleka baiskeli mlimani, akiisukuma. Siku ya kwanza ya kushuka, breki zilikatika katikati ya mteremko. Mama alishuka akipiga kelele, "Breki! Breki!" kama anamwamuru punda. Akaishia kichakani, gauni limebaki kwenye miiba, yeye mzima. Waendesha baiskeli waliomchomoa pale ndio waliompa lile jina. Yeye hakununa. Aliwaambia waje dukani kwake Jumatatu, kwa sababu suruali zao zilikuwa zimechanika vibaya kuliko gauni lake.

Wakaenda. Akawashonea suruali, akawashonea na vikinga magoti vya sponji na jinzi kuukuu. Mmoja akamtafutia baiskeli nyepesi iliyotumika. Ndivyo alivyoingia kwenye kundi lao.

Mimi mwenyewe, wasikilizaji wapendwa, nilipanda nao mara moja tu maishani. Nilishuka kwa miguu, baiskeli nimeishika usukani, kwa adabu kabisa. Mama alinipita akaniuliza kama naipeleka shule.

Sasa sikilizeni lililotokea.

Wakati ule mlima ulikuwa na njia moja tu. Njia hiyohiyo ya wanaotembea, hiyohiyo ya baiskeli. Asubuhi moja mwalimu mstaafu alikuwa akipanda taratibu na fimbo yake. Kwenye kona ikatokea baiskeli kwa kasi. Ikamgonga. Mwalimu akavunjika mguu. Na yule aliyemgonga aliinuka, akatazama, akapanda baiskeli yake, akaondoka.

Ofisi ya misitu ikafunga mlima kwa baiskeli. Tangazo likabandikwa pale chini: baiskeli marufuku. Watu waliunga mkono, na tusijidanganye, walikuwa na haki. Waendesha baiskeli walikasirika, wakaanza kupanga jinsi ya kupita upande wa pili kwa wizi. Mama Breki hakukaa nao kwenye mpango huo. Alifunga duka, akaenda hospitali.

Mwalimu alikuwa amelazwa, mguu umefungwa plasta, umeinuliwa juu.

"Umetumwa na yule aliyenigonga?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Unamjua?"

"Simjui. Ningemjua ningekuja naye."

"Basi sina maneno na wewe, mama. Nenda salama."

Akaenda salama. Kesho yake akarudi. Mwalimu akageuzia uso ukutani. Siku iliyofuata akarudi tena, na mto mdogo alioushona wa kuwekea kisigino, kwa sababu aliona kinalalia chuma. Mwalimu akauchukua. Akaugeuzageuza. Mwisho akasema, "Unataka nini hasa?"

"Nataka unionyeshe unakopita."

"Kwa nini?"

"Ili sisi tukupishe."

Baadaye Mwalimu aliniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema, "Wote waliokuja kunitazama waliniambia niache kupanda mlima, umri umekwenda. Mke wangu alipofariki, kutembea kule ndiko kulikonirudishia usingizi. Huyu mama peke yake ndiye hakuniambia niache."

Alipoweza kusimama na magongo, wakaenda wote wawili. Mwalimu anaonyesha, hapa wazee hupumzika, hapa akina mama hushuka na kuni, hapa ukungu ukiingia huoni mbele. Mama anafunga vipande vya kitambaa chekundu kwenye miti, mbali na pale, kuonyesha baiskeli zipite wapi. Njia mbili. Ya miguu huku, ya magurudumu kule, zisikutane hata mahali pamoja.

Kisha wakaenda kwa ofisa wa misitu. Ofisa alipomwona Mwalimu na magongo yake akadhani amekuja kudai fidia. Mwalimu akasema, "Nimekuja kuwaombea ruhusa." Ofisa akamwomba arudie. Mwalimu akarudia, kwa ile sauti ya darasani.

Wakapewa mteremko mmoja wa majaribio. Wakichafua, basi.

Wakachimba. Wakachimba wiki hadi wiki. Halafu mvua ikaja, ikasomba yote. Njia ikawa mfereji wa tope. Wengi wakakata tamaa, wakarudi mjini. Walibaki wachache: Mama na kiuno chake kinachouma, Mwalimu aliyekaa kwenye jiwe akisimamia, na fundi umeme mmoja, baba wa watoto, mtu mkimya, ambaye kila mara alichagua kubeba mawe makubwa kuliko ya wenzake.

Walianza upya. Safari hii walipanga mawe, wakaacha matuta ya kuyatoa maji pembeni. Kazi ilipokaribia kwisha, yule fundi umeme aliweka chini jiwe alilobeba, akaenda kusimama mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyekugonga. Niliogopa. Nikakimbia."

Mama Breki alisimama na jembe lake. Mwalimu alimtazama yule bwana.

"Najua," akasema. "Kona ile ulinitazama usoni kabla hujaondoka. Nilikuwa nangoja uchoke kubeba mawe peke yako."

Fundi umeme akakaa chini, akalia mbele za watu. Mwalimu akampa maji. Baadaye, alipomaliza maji, akamwambia, "Kuogopa nimekusamehe. Kuniacha chini, hilo nitakusamehe polepole." Na polepole alimsamehe. Leo fundi huyo ndiye anayempeleka Mwalimu kliniki.

Mvua iliyofuata njia ilishika. Ofisa alipanda mwenyewe akaikagua, akashuka akabandua tangazo. Narudia: hakutuma mtu, alilibandua kwa mkono wake. Tangu hapo zimeongezwa njia nyingine, hadi ule mlima wa pili nyuma ya huu, na kila mahali wanaotembea wana yao.

Watu walivumisha kwamba Mama na Mwalimu watafunga ndoa. Binti alipomuuliza, Mama akajibu, "Yule? Anapanda polepole mno, nitazeekea kwenye kona nikimsubiri." Lakini kila Jumamosi alimsubiri.

Mwaka wake wa mwisho hakuweza kupanda. Alikaa barazani, akawasikiliza wanaoshuka wakimsimulia. Na kila mvua kubwa iliponyesha alishika simu na kuwapigia wote, mmoja mmoja: amkeni, twende tukaitazame njia.

Usiku wa kuamkia siku ya pili baada ya mazishi mvua ilinyesha, mvua nzito. Hakuna simu iliyolia. Asubuhi Mwalimu alifika mlimani akidhani yuko peke yake. Akakuta watu wameshafika na majembe, tope hadi magotini, wengine hata hawajuani majina. Na binti wa Mama yupo katikati yao, anauliza mawe yanaanzia upande gani.

Kwa binti, kwa wajukuu, kwa Mwalimu na kwa wote waliopanda naye: poleni sana. Msiba huu ni wetu pamoja. Mungu ampumzishe mama yetu.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize kabla ya kulala. Yupo mtu tunayegombania naye njia, kazini, uani, ndani ya nyumba ileile. Je, tumewahi kwenda kumuuliza anakopita?