Ernesta Buchumi, Aliyesingiziwa Uchawi kwa Mahindi Yake

Ernesta Buchumi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 huko Mabamba, wilaya ya Kibondo, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Buchumi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1971 hadi 1977. Waliosoma naye wanasema hakuwa mgomvi, ila ukimkosea alijua kusubiri. Msichana aliyemfichia jembe darasa la tatu alilipwa darasa la saba, mbele ya mwalimu mkuu.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Longinus, akahamia hapa Kasulu, katika kijiji hiki jirani na Mtabila. Walijaliwa watoto watatu. Kabla ya kufariki mwaka 2016, Longinus alimwachia mkewe shamba lote mbele ya wazee. Mdogo wake, Nickson, ambaye shamba lake limepakana na hilo, hakulipenda neno lile. Alikula chakula cha msiba, akaliweka moyoni.

Ernesta alikuwa mkulima, tena mkulima hasa. Msimu wa 2021 bibi shamba Rabia, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alimletea urea ya kujaribu. Haikuwa ile ya kila siku. Hii ilipakwa kitu kinachoizuia isigeuke hewa upesi, ili mvua ikichelewa, mbolea ibaki ardhini kuingoja. Januari ile mvua ikakata kweli. Wengi walikuwa wamemwaga mbolea ya kukuzia juu ya udongo, kama kawaida yetu, Nickson akiwa wa kwanza. Rabia alipomwambia angalau aifukie, alijibu, "Kinachozikwa ni maiti, si mbolea." Haya. Mahindi yake yakawa ya njano. Ya Ernesta, ng'ambo tu ya mpaka, yakasimama ya kijani kibichi.

Mwenye akili angeuliza. Nickson yeye alipita kwa majirani akisema shemeji yake anaruka usiku, anavuta rutuba ya mashamba ya watu kuipeleka kwake, na mchawi hawezi kuachiwa shamba la ukoo. Watu wakaamini. Tusemezane ukweli leo, maana nusu yenu mpo hapa. Mliacha kunywa maji kwake. Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake ilipofika, mkaipitisha. Mwisho mkaitisha mkutano wa kijiji ili aondolewe.

Ernesta alifika na ndoo mbili zilizofungwa nailoni. Zote zilikuwa na udongo wa shamba la Nickson, uliochotwa na mwenyekiti mwenyewe siku chache kabla. Katika moja ilitiwa urea ya Nickson, katika nyingine urea ya Rabia, kipimo kile kile.

"Shemeji, sogea unuse," alisema.

Nickson akasogea na kiburi chake chote, akaifungua ile yenye mbolea yake, akainamia. Harufu kali ya zizi la mbuzi ikampiga, machozi yakamtiririka. Ya pili ilinukia udongo tu.

"Lia, shemeji," Ernesta akamwambia. "Kinachoruka usiku ni mbolea yako, si mimi."

Mkutano ulivunjika kwa kicheko, na shamba likabaki lake. Lakini Nickson hakuomba radhi, na neno la uchawi likishaingia kijijini halitolewi na kicheko. Bado wapo waliowaita watoto wao ndani kila alipopita.

Basi akalipiza kwa mahindi. Ekari iliyokuwa ikitoa magunia manane ikatoa kumi na matano. Alifundisha kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, na ya Nickson aliipita akiimba. Siku Nickson alipotuma mtu kuuliza hiyo mbolea inapatikana wapi, alijibiwa, "Aje mwenyewe, mchana, aombe radhi. Kwa Kiha au kwa Kiswahili, vyote nasikia." Hakuja.

Ernesta alianza kuugua figo Novemba 2024. Nickson alifika hospitalini na chupa ya juisi. "Umekuja kuniona au kuhakikisha?" alimuuliza, akageukia ukutani. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025.

Wazee wa ukoo walimwomba Esteri, binti yake mkubwa anayesoma wasifu huu, aondoe habari za Nickson ili watu wazike kwa utulivu. Esteri amekataa. Yeye ndiye aliyemshika mama yake mkono, na yeye ndiye aliyepewa agizo.

Ernesta ameacha watoto watatu, Esteri, Divine na Akimana, wajukuu saba, na shemeji mmoja. Aliagiza kwamba wasifu ukifika hapa msomaji anyamaze, na jeneza lisishushwe, mpaka shemeji huyo asimame mbele ya wote aliowaambia, aseme, "Ernesta hakuwa mchawi."

Baba mdogo, kaburi liko wazi na jua bado liko juu. Hatuna haraka. Ukishasema, mama yetu ashuke, apumzike kwa amani.