Nakal Ekidor na Safari ya Kuku kwenda Lodwar

Ejok, ndugu na majirani. Mimi ni Lokwawi, kaka mkubwa wa Nakal. Karatasi ya mazishi mliyo nayo inasema kwamba Nakal alikataa kupelekwa hospitali. Maneno hayo niliyatoa mimi, na si kweli. Nitasoma maisha yake tangu mwanzo, na nikifika kwenye ugonjwa nitasema ilivyokuwa. Mama, naomba unisikilize mpaka mwisho.

Marehemu Nakal Ekidor alizaliwa tarehe 11 Aprili 1979 huko Kataboi, mtoto wa tatu wa Mama yetu na marehemu Mzee Ekidor. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1986. Darasa la sita alilirudia kwa hiari yake, akidai mwalimu alimpitisha bila yeye kuelewa hesabu za sehemu. Baba alikasirika, lakini nani angemweza? Alimaliza sekondari Lodwar mwaka 1998.

Mwaka 2003 aliolewa na Bwana Ewoi, mfanyabiashara wa samaki, wakajaliwa watoto watatu. Waliishi hapa Kakuma, na Ewoi akawa anakwenda Todonyang na kurudi.

Nakal alifundisha ushonaji, na mwaka 2006 akaanzisha klabu ya vijana katika ukumbi wa kanisa. Wenyeji na wakimbizi walikaa benchi moja. Walifuga kuku, walipanda sukuma wiki kwenye magunia, walitengeneza sabuni. Kila Jumamosi mmoja alisimama kutoa ripoti, na ripoti ilianza na kilichoharibika. Siku moja Anyieth, yule pale mbele, alisema vifaranga wake kumi na wawili wamekufa kwa kiu kwa sababu yeye alikwenda kutazama mpira. Nakal akampigia makofi! Nilimwambia, "Wewe unawafundisha watoto uzembe." Akanijibu, "Nenda zako, Lokwawi. Wewe ungesema wameibiwa."

Jumatatu tarehe 5 Novemba 2012 alishikwa na homa kali. Mumewe alikuwa Todonyang, simu haishiki. Zahanati ilimpa dawa, ikamwambia homa isipopungua aende Lodwar. Alhamisi asubuhi alikuja mpaka kwenye pikapu yangu, amejifunika blanketi juani. Nilikuwa nimepakia vizimba vya kuku na vijana wanne kwenda kwenye maonyesho ya Lodwar. Msafara wa magari na polisi ulikuwa unaondoka saa mbili.

Alisema, "Shusha vizimba viwili nipate pa kukaa."

Nikamwambia, "Nakal, watoto wamengoja miezi minane. Jumamosi nitarudi kukuchukua."

Alimwonyesha Hilaire, mmoja wa vijana wale wanne, namna ya kuwapa kuku maji njiani, akarudi nyumbani kwa miguu.

Tulishika nafasi ya kwanza. Nilirudi Jumamosi jioni na cheti, nikamkuta hanitambui. Usiku barabara haipitiki bila polisi kwa sababu ya majambazi, kwa hiyo tulingoja msafara wa asubuhi. Aliaga dunia Jumapili tarehe 11 Novemba, saa moja na nusu, pikapu ikiwa imewashwa mlangoni.

Mama, ulipofika kutoka Kataboi uliniuliza kwa nini hakupelekwa. Nilisema alikataa. Hakukataa. Aliomba nafasi kwenye gari, nami nafasi hiyo nikawaachia kuku. Vijana, nyinyi hamna kosa lolote. Aliyeshika usukani ni mimi.

Watu wananiuliza mbona silii. Tangu Jumapili ile niko kama mdomo uliopigwa ganzi ya kung'olea jino. Nakula, nasalimia, napiga simu za matanga, na sihisi kitu. Ninaogopa siku ganzi itakapoisha.

Marehemu ameacha mume wake, Ewoi, watoto wao Nabei, Akiru na Lokai, Mama yetu, dada wawili, wanaklabu thelathini na mmoja, na mimi.

Sasa tunamshusha kaburini, naye apumzike kwa amani ya Mungu. Kamba ya jeneza ya upande wa kichwa hushikwa na kaka mkubwa. Mama, kama hutaki niishike, sema tu, nimpe mwingine. Nasimama hapa nikungoje.