Chungu Chenye Jina Letu

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya kibanda changu cha viatu na saluni ya Kinyozi, nyuma kabisa ya ukuta wa nyumba ya Shangazi. Siku zile kulikuwa na benchi moja, ubao mrefu na mpana juu ya matofali, na hakuna aliyekumbuka ulitoka wapi. Chini tulikuwa tumetandaza vigae vya vyungu vilivyovunjika, tukavishindilia vizuri, kwa hiyo mvua ikinyesha sisi tulikaa na viatu safi wakati vijiwe vya wenzetu vinaogelea. Nilikuwa nayasema haya kwa majivuno kwa sababu ndiyo kazi pekee tuliyowahi kuimaliza. Nyingine zote tunazijadili. Babu Kahawa huja na birika lake asubuhi, na sisi hutengeneza dunia mpaka birika likauke. Mimi wananiita Gundi, eti tangu nianze ufundi sijawahi kushona kiatu, nabandika tu. Wakili anauza mitumba. Jina alilipata siku aliyojitetea mwenyewe mahakamani, akashindwa kesi ambayo hakimu alishaanza kumhurumia. Dunia alikuwa dereva wa lori, sasa amestaafu, na hakuna jambo ambalo hajaliona nchi nyingine.

Asubuhi hiyo, kwa bahati mbaya, tulikuwa na jambo la kweli. Shangazi, dada yake marehemu baba, ni mfinyanzi, na chungu anachofinyanga kinaitwa kwa jina la mtaa wetu. Kinakaa juu ya moto tangu asubuhi, maharage yaive, yaungue, yasahaulike, chenyewe hakipasuki. Sasa kuna kiwanda mjini kimeanza kutoa vyungu kwa mashine na kuvipiga mhuri wa jina hilohilo, na wateja wanakwenda huko. Shangazi alipiga simu ofisi inayolinda majina ya namna hii, na afisa alikuwa anakuja siku hiyo kuona kazi yake. Tatizo ni kwamba tangu Shangazi arudi kutoka kwa binti yake aliyejifungua, kila chungu anachochoma kinapasuka motoni. Jana yake aliniita, akakaa mikono magotini. "Baba," akaniambia, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake, "akija akakuta vinapasuka nitamwambia nini? Jina litakwenda kwa wale wa mashine. Mimi nitakuwa muuza matope." Sijazoea kumwona Shangazi akiogopa, na iliniuma. Kwa hiyo nikafanya kosa langu la kawaida, nikalipeleka jambo kijiweni.

Wakili: Hilo jambo jepesi. Kisheria linaitwa kiashiria cha kijiografia. Maana yake jina la mahali ni mali ya mahali. Mtu wa kwingine haruhusiwi kulibandika kwenye kitu chake akauza.

Kinyozi: Hata akilinunua?

Wakili: Halinunuliki. Ni la wote wanaotengeneza kitu hicho hapa, kwa njia ya hapa. Sharti uonyeshe kwamba ubora wake unatokana na hapa.

Hayo aliyosema yalikuwa kweli tupu, nami nikaingiwa na wasiwasi, kwa sababu Wakili akianza vizuri huwa anamaliza vibaya sana.

Dunia: Mimi nimeyaona. Kuna nchi nilipita na lori, wana kilima wanachotengenezea divai. Jirani wa kilima cha pili, zabibu zilezile, jua lilelile, aliandika jina la kilima cha kwanza kwenye chupa. Wakaimwaga yote mtaroni.

Mimi: Uliona wakimwaga?

Dunia: Niliona mtaro.

Kinyozi: Sasa huyo afisa akifika atataka nini?

Wakili: Vitu viwili. Kwanza mpaka. Lazima ijulikane hapa panaanzia wapi na panaishia wapi. Mimi nimeshapima. Panaanzia nguzo ya umeme, panaishia mtaroni.

Kinyozi: Saluni yangu iko ng'ambo ya mtaro.

Wakili: Pole sana, ndugu yangu.

Kinyozi: Pole ya nini? Nimezaliwa mtaa huu. Nimekunyoa wewe tangu una nywele.

Wakili: Sheria haiangalii nywele. Wewe kisheria ni mtu wa kuja.

Kinyozi alisimama, akabeba kikombe chake, akavuka mtaro, akaketi kwenye ngazi ya saluni yake na kutugeuzia mgongo. Baada ya muda tukamsikia akiuliza kutoka huko kama kahawa nayo inaruhusiwa kuvuka mpaka. Babu Kahawa akasema yake inavuka, akamfuata. Mpaka ukasogezwa hadi ukuta wa nyuma wa saluni, kwa kauli moja, na Kinyozi akarudi.

Mimi: Jamani, mpaka tumeumaliza. Vyungu vinapasuka. Nataka kujua kwa nini zamani havikupasuka.

Kinyozi: Ni maji. Sikiliza fundi. Mimi nashika vichwa vya watu wa mtaa huu kila siku. Nywele zao ngumu, mashine inalia. Mtu akihamia hapa na nywele laini, mwaka hauishi nazo zimekuwa ngumu. Maji yetu yanakaza. Yanakaza nywele, yanakaza udongo.

Mimi: Basi maji ni yaleyale na vyungu vinapasuka.

Kinyozi: Ndiyo maana nasema tuombe ulinzi wa nywele kwanza.

Dunia: Achana na nywele. Mimi nina jambo zito, na sikutaka kulisema kwa sababu litaonekana najisifu. Lori langu lilikuwa linapita barabara ile kila alfajiri, limejaa. Ardhi inatikisika. Udongo wa Shangazi uko kwenye pipa, unatikisika nao, unashikana. Sasa jiulizeni, mimi nimestaafu lini? Na vyungu vimeanza kupasuka lini?

Tulihesabu kimoyomoyo. Ajabu ni kwamba yalikuwa yanakaribiana kabisa. Dunia akaangalia pembeni kwa huzuni ya mtu aliyegundua umuhimu wake akiwa amechelewa.

Wakili: Una hoja, ila umekosea chombo. Si lori. Ni sisi.

Mimi: Sisi tumefanya nini?

Wakili: Tunazungumza. Vyungu vinaanikwa wapi? Nyuma ya ukuta huu huu. Kwa siku ngapi? Mpaka vikauke. Na wakati vinakauka vinasikia nini? Hoja. Hoja kali, za kushindana. Kitu kibichi kikikaa karibu na hoja kali kinakomaa. Hicho kiwanda cha mjini kina mashine, kina umeme, lakini kijiwe kama hiki kitakitoa wapi?

Babu Kahawa: Kama vinawasikia, basi nimeelewa kwa nini vinapasuka.

Tulimcheka, tukampuuza. Babu Kahawa husema neno moja kwa siku na huwa analitumia vibaya. Sisi tulikuwa tumeshapata jibu na lilitupendeza, kwa sababu halikutudai kufanya chochote. Ikaamuliwa kwamba afisa akifika aambiwe waziwazi kuwa asili ya chungu ni kijiwe. Dunia akataka asili iwe kijiwe na barabara. Kinyozi akataka maji yatajwe. Tukaanza kugombania nani atakaa katikati ya benchi wakati wa maelezo, na nasikitika kusema kwamba nami niligombania. Shangazi yangu alikuwa upande wa pili wa ukuta akisubiri moto wa kumwaibisha, na mimi napimana mabega na muuza mitumba.

Hapo ndipo alipotokea binti mmoja mwenye mkoba mgongoni, viatu vimejaa tope la njia ya huko nyuma, maana mvua ilikuwa imenyesha.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu kiti.

Akasema ametoka kwa mama mfinyanzi, yeye ndiye afisa, na mama amemwomba asubiri kidogo moto ukolee. Nilisogea. Wakili akavuta koti, akamkaribisha kwa niaba ya mtaa, akaanza. Alieleza mpaka. Alieleza nywele. Alieleza lori, kwa kifupi, kwa kuwa halikuwa lake. Alipofika kwenye hoja kali na udongo mbichi sauti yake ikatetemeka, nami nakiri niliguswa. Binti alisikiliza kwa adabu nzuri, akipangusa viatu vyake taratibu chini. Kisha akaacha kupangusa. Akainama, akaangalia pale miguu yake ilipokuwa, halafu miguu yangu ilipokuwa, halafu hadi ukutani.

— Samahani, wazee wangu. Hivi vigae vyote mlivitoa wapi?

Wakili akavuta koti tena, akaangalia chini. Dunia hakuwa ameliona jambo hilo kwenye nchi yoyote. Babu Kahawa alikuwa anammiminia mgeni kikombe, naye akaendelea kumimina, kikajaa, kikamwagika, mpaka birika likakauka.

Binti akatueleza, bila ukali, na afadhali angetumia ukali. Mama alimwambia kwenye simu kwamba desturi ya mtaa huu ni kila nyumba chungu kikivunjika kinarudishwa kwake, kinawekwa kwenye lundo nyuma ya nyumba. Anavitwanga vigae hivyo, anachanganya unga wake na udongo mpya. Vigae vilivyokwisha kupika miaka mingi ndivyo vinavyokipa chungu kipya uwezo wa kuhimili moto. Ndiyo njia ya hapa, na kiwanda hakiwezi kuiiga, kwa sababu hakina watu wa kukirudishia.

— Hilo lundo ndilo nililokuja kuona, akasema. Leo amenionyesha ukuta mtupu. Anadhani watu walilitupa. Anasema huenda mtaa umemchoka.

Lundo hilo tulilihamisha sisi wanne, kwa mkokoteni, wakati Shangazi yuko kwa binti yake. Tuliona mama mtu mzima anaishi na takataka nyuma ya nyumba, tukasema tumsafishie, na kwa kuwa sisi ni watu wa heshima tukakubaliana tusimwambie. Na kwa kuwa vigae vilikuwa mikononi tayari, na kijiwe kilikuwa na tope, basi. Aliporudi aliuliza watu wa upande wa mlango wake kama kuna aliyeona kitu. Huku kijiweni hajawahi kukanyaga, anasema tuna kelele.

Siku hiyo alikanyaga. Alizunguka kona na mwavuli ambao binti alikuwa ameusahau kwake, akasimama. Hakuna aliyempa kiti. Macho yake yalikwenda chini na hayakurudi upesi. Akainama karibu na mguu wangu, akaking'oa kipande kimoja cha mdomo wa chungu, akakipangusa kwa pindo la kanga yake.

— Hiki ni cha mama yako, baba. Alikuwa anapikia uji wako. Aliniletea mwenyewe, analia, kwa kuwa kilikuwa cha kwanza kununua alipoolewa.

Miezi yote hiyo nilikuwa nakanyaga pale kila asubuhi, nikijisifu kwa viatu safi. Niliona haya, nikaondoa mguu pale.

— Shangazi, nikasema, tulidhani ni takataka.

— Kumbe viko hapa, akasema. Mimi nilidhani watu wamenichoka.

Nilichukua kisu changu cha kukatia soli, nikapiga magoti, nikaanza kung'oa. Kinyozi akaleta karai. Dunia akaleta mkokoteni uleule. Wakili alibaki amesimama kidogo akitafuta namna ya kuonyesha kwamba kisheria tulikuwa tumevihifadhi, akakosa, akavua koti. Binti naye akakunja mikono ya blauzi, akaokota, na kila alichookota alimpa Shangazi akitazame, naye akasema hiki cha nyumba fulani, hiki cha yule aliyehama, hiki sikijui. Uchomaji wa siku hiyo ukaahirishwa. Afisa akasema atarudi unga ukiwa tayari.

Tulipomaliza chini palikuwa tope tupu. Tulisimama tumechafuka mpaka viwiko, tukimsubiri Shangazi atusamehe. Yeye alikuwa anautazama ubao tunaokalia. Akaupiga kwa kiganja, akausikiliza.

— Na huu ubao wangu wa kuanikia vyungu, akauliza, nao uliwasumbua?

Uliondoka na mkokoteni.

Afisa alirudi kama alivyoahidi. Shangazi alichoma mbele yake, na vyungu vikatoka vizima vyote, vyekundu, ukigonga kimoja kinalia vizuri. Mambo ya jina yako njiani. Wanasema kiwanda kimeshaitwa kujieleza. Shangazi ameanza kuimba tena akifinyanga, na tunamsikia. Hatuongei sana siku hizi, kwa kuwa mtu akiwa kwenye tope mpaka vifundoni hoja zinapungua. Juzi alipita mgeni mmoja, mtu wa mbali, akanunua kahawa, akatutazama sisi watu wazima wanne tumejipanga ukutani, viatu mkononi, vikombe mkononi.

— Wazee, akauliza, mbona hamkai?

Wakili alimtazama Dunia. Dunia akamtazama Kinyozi, Kinyozi akanitazama mimi. Babu Kahawa akainua birika, akalitikisa sikioni, akasema kahawa imekwisha.