Wasifu wa Mama Pembetatu, Pamoja na Kosa Lake

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa fundi saa na mkunga. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba, fundi cherehani. Utotoni alikuwa mbishi kwelikweli. Mama alikuwa akisema huyu hata jua likichomoza atauliza limetumwa na nani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari 1975, akapata shahada ya fizikia 1979 na ya uzamivu 1986. Tulimuuliza amesomea nini hasa. Akatukalisha mezani, mimi na dada yetu wa kati, kila mtu na kijiko chake, naye akashika cha tatu. "Kila mmoja aelekeze kijiko kinyume na cha wenzake wote wawili," akasema. Tulihangaika mpaka chai ikapoa, kwa sababu wawili wakishapingana, wa tatu hana pa kuelekea. Mwishowe tuligawana duara sawasawa, na hakuna aliyeridhika. Akatueleza kwamba ndani ya sumaku fulani kuna vijiko kama hivyo visivyohesabika, vimepangwa pembetatu pembetatu kwenye tabaka moja, naye anatafuta joto linalovivuruga. Ndiyo maana wanafunzi walimwita Mama Pembetatu.

Aliolewa tarehe 14 Desemba 1985 na mpimaji ardhi, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Shemeji alizoea kula peke yake kila zamu ya dada ya kutumia kompyuta ya chuo ilipoangukia jioni, wala hakununa.

Alifundisha chuo kikuu kuanzia 1987 hadi alipostaafu 2019. Makala yake ya mwaka 1994 ndiyo iliyompa umaarufu. Aliandika kwamba vijiko vile vina utaratibu wa aina mbili: uelekeo vinaoshikilia kwa pamoja, na upande vinaozungukia, wa mshale wa saa au kinyume chake, na kwamba aina zote mbili huvunjika kwa joto lilelile. Mwaka 2008, dada akiwa ameshapendekezwa kupewa uprofesa, mwanafunzi wake mmoja, binti mpole, alirudia hesabu ya makala ile kwenye kompyuta kwa wiki nyingi badala ya siku chache. Akakuta joto si moja, ni mawili yaliyokaribiana mno. Uelekeo hupotea kwanza, mzunguko baadaye kidogo. Karibu na hapo vijiko hukawia sana kutulia, na dada alikuwa amekata hesabu kabla havijatulia.

Nilimwambia, "Dada, kaa kimya kwanza upate cheo."

Akanijibu, "Wewe ukikata suti vibaya, unamvalisha mteja?"

Alikiri kosa mwenyewe, kwenye jarida lilelile. Uprofesa haukuja. Yeye alilala usingizi wake. Mimi nilimchukia yule binti, na nalisema hili mbele ya jeneza.

Februari 2024 aligundulika kuwa ana saratani ya kongosho. Aliniagiza niandike wasifu huu angali hai. Nilimsomea wodini, kosa nimeliruka, cheo cha Profesa nimekipachika. Akaomba kalamu, akakifuta cheo, akaandika pembeni: "Hapa weka kosa langu, na aliyeliona." Nilikataa. Tulibishana siku mbili, yeye kwa pumzi chache alizobakiwa nazo, mpaka nikaona aibu. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, na mimi. Kwenye safu ya watoto aliongeza mtu wa tatu kwa mkono wake mwenyewe: yule mwanafunzi.

Binti, popote uliposimama, miaka kumi na sita sikuitikia salamu yako. Nisamehe, mwanangu. Njoo huku mbele, watoto wa marehemu wanakaa hapa.

Dada yetu na apumzike.