Kiapo cha Mama Yasmina wa Bwiza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, ongezeni sauti, na jirani ambaye redio yake haina betri mwiteni. Leo tunamkumbuka mtu aliyependa nyumba ijae. Tunamkumbuka Houda binti Amissi, ambaye mtaa wetu wote wa Bwiza ulimwita Mama Yasmina. Mama Yasmina ametutoka. Tumemzika Ijumaa, na mtaa mzima ulikuwa nyuma ya jeneza.

Nyumba yake mnaijua. Kahawa asubuhi, kahawa jioni, na habari za mtaa zilifika pale kabla hazijatokea. Mumewe, marehemu Mzee Tajudini, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Msahafu uliochanika, kitabu cha shule, vyote alivishona.

Mwaka 1993 mwalimu mmoja mzungu alimletea kitabu kikuukuu, mgongo umeachia. Kitabu cha hesabu, wasikilizaji, kilichopigwa chapa zaidi ya miaka mia nne nyuma! Kabla gundi haijakauka, vita vikaanza. Mzungu akaondoka. Mzee akakifunga kwa kitambaa cha kijani, kile cha kufungia msahafu, akakiweka juu ya kabati. Aliwajua watu wake: kitambaa kile hakiguswi bila udhu. "Hii ni amana," akamwambia mkewe. Haukupita muda, naye akafa. Aliyejua kwamba ni kitabu cha hesabu akabaki mmoja tu: Mama Yasmina.

Ikaja 1995, Bwiza ikameguka. Sitasema nani alimfukuza nani. Wenye mtaa mnajua. Jirani zake, Léocadie na mumewe Marcellin, waliruka ukuta wakaingia kwake. Akawaficha katika karakana ya marehemu, nyuma ya marobota ya karatasi. Baada ya alasiri, vijana wenye marungu wakajaa mlangoni. Na mkubwa wao? Kijana wa pale pale, aliyelelewa kwa maandazi ya mama huyu.

"Mama Yasmina, we ni mutu wa dini," akasema. "Musahafu wako ule juu ya kabati. Shika, uape."

Binti yake Yasmina alikuwepo. Anasimulia: "Mama alienda kutawadha. Pole pole, kama siku ya Idi. Marungu mulangoni, yeye anasukutua! Akashika kile kitabu kwa mukono wa kuume, akasema: 'Naapa kwa kitabu hiki, humu hamuna mutu ila watu wangu.' Wakaondoka. Mumoja akamuomba hata dua!"

Léocadie na Marcellin walivuka mpaka wa Gatumba, wakafika Kongo salama.

Lakini siri ya Bwiza haikai ndani. Ikajulikana aliwaficha. Ndipo maneno yakaanza: ameapa uongo juu ya msahafu, subirini mkono ukauke! Wanawake wakakata mguu. Kahawa ikapoa kwenye birika. Nyumba iliyokosa kiti kitupu ikabaki na viti tu. Yasmina alimuuliza, "Mama, ni kweli uliapa uongo?" Akajibiwa: "We kunywa chai yako."

Neno moja lingemsafisha: kile si msahafu, ni kitabu cha hesabu. Lakini wale vijana walikuwa bado mtaani, wamemwachia Mungu amwadhibu. Wangejua hata kiapo kilikuwa cha kuwachezea, wangerudi kuichoma nyumba na watoto ndani. Akanyamaza. Miaka ikapita.

Ikafika 2004, arusi ya Yasmina. Watu wakaja, wali haususwi. Vijana wa marungu walishatawanyika. Na Léocadie akatokea kutoka Uvira, kule Kongo, amemshika mkono binti yake, Patricia. Basi Mawazo muuza vitenge, ulimi mnaujua, akapaza sauti: "Mama Yasmina, tuonyeshe mukono! Haujakauka bado?"

Mama akainuka. Akashusha kitambaa cha kijani, akaanza kukifungua. "Astaghfirullah, hana udhu!" watu wakapiga kelele. Kitambaa kikaanguka. Pembetatu. Duara. Kilatini.

Mwalimu Ildephonse akaweka sahani chini, akafuta vidole. "Mais, lakini mama, hii ni jometri! Ulaya kitabu kama hiki wanakitia ndani ya kioo!"

"Kwa hiyo," Mawazo akasema polepole, "uliapa kwa hesabu?"

"Kwa hesabu. Na ilinipotea kidogo." Akamvuta Patricia kifuani. "Nilificha wawili. Wakatoka watatu."

Kumbe Léocadie alikuwa mjamzito siku ile! Vigelegele, wasikilizaji, vilisikika mpaka sokoni. Mawazo akalia, akaomba msamaha, kisha akaomba sahani ya pili.

Mwaka huu wa 2005 binti wa yule mzungu amekuja, amana amekabidhiwa. Akauliza, mama, nikupe nini? "Niachie kitambaa changu." Leo kitambaa hicho kimefunga msahafu wa kweli, ndio uliosomwa kwenye hitima yake.

Pole Yasmina. Pole ukoo wa Mzee Amissi. Pole Léocadie, Marcellin na Patricia. Mungu amlaze pema. Nawe msikilizaji, kabla hujauchungulia mkono wa jirani kama umekauka, jiulize kwanza mkono huo uliwahi kumshika nani.

Matangani, nimetoka huko sasa hivi. Viti havitoshi.