Siku Watu wa Magu Walipokataa Wali Wangu

Tumshukuru Mwenyezi Mungu, ndugu zangu! Amani iwe juu yenu nyote mliofika kwenye ziyara ya Sheikh wetu. Ninyi wa Bukoba mlioshuka melini asubuhi hii, karibuni Mwanza. Wa Ukerewe, karibuni. Wa Tabora mliokesha kwenye treni, poleni na safari. Wazee wangu, shikamooni.

Khalifa amesema kila kundi litoe mtu mmoja aeleze Mungu amemtendea nini. Kundi la Magu limenituma mimi. Nalisema tena, mnisikie hadi kule kwenye mawe: watu wa Magu wamenituma mimi, Mariamu binti Juma, ambaye nyumbani huitwa Kabula! Naona wanaojua habari yangu wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Mimi mwenyewe nimetabasamu tangu alfajiri.

Ndugu zangu, mimi ni Msukuma wa Magu, mtoto wa mkulima wa pamba. Niliolewa na Ramadhani, kijana wa kijiji cha pili, mpole, fundi wa kuezeka nyumba. Tulilima mpunga, tukapata mtoto wa kike tukamwita Salma. Nyumba yetu ilitazamana na nyumba ya mama mkwe, na upande wa pili alikaa shemeji yangu Hamisi na mkewe na watoto wao. Tulikula pamoja. Watoto wa Hamisi walikulia mgongoni kwangu, kwa sababu mama yao alikuwa mgonjwa wa kifua.

Ramadhani wangu alishikwa na homa wakati wa kuvuna, akafa kabla mpunga haujaisha shambani. Nilikuwa bado ndani ya eda ilipoingia surua. Nyinyi wa vijijini mnaukumbuka mwaka ule wa surua. Ilipita nyumba kwa nyumba. Watoto wa Hamisi, Kasimu na mdogo wake Asha, walikufa wakifuatana. Salma wangu aliugua, akapona.

Hilo ndilo lililonitia matatani, ndugu zangu. Kwamba mwanangu alipona!

Watu wa ukoo wakaenda kwa mganga. Mganga akauliza nani amefiwa na mume, nani mtoto wake amesalimika. Wakarudi na jina langu. Kuanzia siku hiyo nikienda kisimani wanawake walinyanyua ndoo zao wakaondoka. Nikimsalimia mtu, anatazama pembeni. Neno lile sitalitamka mahali hapa, lakini mnalijua. Mwanamke akishaitwa hivyo huko kwetu, maisha yake hayana mwenyewe.

Asubuhi moja nilikuwa shambani na Salma. Nikaona moshi upande wa nyumbani. Mke wa Hamisi, yule mgonjwa wa kifua, alikuja akikimbia na kushika mbavu zake. Hakuweza kusema sana. Alisema, "Kabula, nyumba wameshaichoma. Wanakuja huku. Ondoka, dada yangu, ondoka!" Akanivua kanga yangu nyekundu iliyojulikana na kila mtu, akanipa yake. Nikamshika mwanangu mkono, tukapita katikati ya mashamba ya pamba tukiwa tumeinama mpaka barabarani. Dereva wa lori la pamba alitupandisha juu ya magunia. Hakuniuliza kitu. Mungu amlipe popote alipo.

Ndivyo nilivyoingia mji huu wa Mwanza. Sikuwa na kitu isipokuwa mtoto na kanga ya mtu.

Sasa nimtaje mama yangu wa pili. Bi Tatu, simama wakuone! Hataki. Basi mtazameni hapo alipokaa. Huyu ndiye aliyenikuta nimekaa na Salma kwenye mawe ya Igogo, tunatazama ziwa kwa sababu hatukuwa na pengine pa kutazama. Wakati ule alikuwa akiuza samaki wa kukaanga, na jioni aliongoza dhikiri ya wanawake uani kwake. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyekuja na Sheikh mwenyewe kwa miguu kutoka Tabora, na mama yake Mkerewe.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo mtoto amekula?"

"Bado."

"Na wewe?"

Nikampangusa Salma vumbi usoni. Akasema, "Beba hilo karai, twende."

Ndugu zangu, wengine wanaulizwa kabila, wanaulizwa dini, wanaulizwa wametokea wapi. Mimi niliulizwa kama nimekula!

Nilikaa kwake. Nilijifunza kukaanga samaki, nikajifunza kupika kwenye masufuria yale makubwa ambayo mwiko wake unashikwa kwa mikono miwili. Nikaingia kwenye halaka ya wanawake, lile duara lao la dhikiri, nikakaa nyuma, nikashika uradi wa kila siku. Nilimsikia Mungu akitajwa kwa pumzi za watu wengi kwa pamoja, na moyo wangu uliokuwa ukidunda kwa hofu ukaanza kudunda kwa kufuata ile dhikiri. Lakini hofu haikuisha. Sokoni nikisikia Kisukuma cha Magu, nilivuta kanga usoni. Bi Tatu peke yake nilimweleza yote. Alisikiliza huku akipara samaki. Nilipomaliza akasema, "Surua ni surua," akaendelea kupara.

Ikaja ziyara ile ambayo watu wazima hapa wanaikumbuka. Uhuru ulikuwa bado, ila kila mtu alikuwa akiuzungumza. Serikali ya wakoloni iliogopa kila mkusanyiko, na askari walisimama kando ya barabara kutazama tunapita. Tukapita! Wa Bukoba mbele na matari yao, wakiimba kaswida kwa Kihaya. Wa Ukerewe na bendera nyeupe, wamebeba machungwa ya kugawia watoto. Wa Tabora hawapigi ngoma yoyote, wao huenda polepole wanatikisa mabega tu, na ardhi unaisikia ikiitika. Kila nchi ina namna yake ya kumheshimu Sheikh, na zote zinafika kwenye kaburi moja. Hatumwabudu Sheikh, ndugu zangu, anayesema hivyo anatusingizia. Tunamkumbuka mtu aliyeleta jina la Mungu kwenye ufukwe huu kwa miguu yake.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, lilikuja na kundi kutoka Magu. Lori zima, na bendera ya kijani. Mimi nilikuwa jikoni kwenye moshi, sikujua. Tulipakua wali kwenye sinia, nami nikabeba moja na kuinua pazia la jikoni kwenda kuwakaribisha wageni. Nikaitua sinia mkekani. Niliponyanyua uso, aliyekaa mbele yangu alikuwa shemeji yangu Hamisi.

Alisimama kama aliyeungua. Akapaza sauti, "Msile! Msiguse! Huyu ndiye aliyewamaliza wanangu!"

 Matari yalinyamaza. Watu wa Magu wakarudisha mikono. Kwenye mikeka mingine pia nikaona watu wanatazama matonge yao, kwa maana wali wote ulitoka jikoni kwangu. Mtu mmoja akasema, "Mtoeni kwanza, tutaulizana baadaye." Miguu yangu ilitaka kukimbia. Ilishajua kukimbia.

Bi Tatu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hamisi ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana na msiba wa watoto. Sasa niambie. Ulimwona kwa macho yako akifanya jambo?"

"Mganga alisema."

"Mganga alisema," Bi Tatu akarudia. "Hii ni ziyara ya Sheikh au ya mganga?"

 Na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo Mungu alipoutoa ule mzigo kifuani mwangu. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilimwita Salma wangu kutoka jikoni, nikamkalisha mbele ya sinia ile ile iliyokataliwa. Nikachota wali kwa mkono wangu, nikamlisha mwanangu wa pekee mbele ya watu wote. Kisha nikala mimi.

Nikasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyempa Kasimu uji wake wa mwisho, kwa sababu mama yake hakuweza kunyanyuka. Alimeza vijiko viwili akaniegemea. Asha nilimwosha mimi. Umelia kwa ajili yao, nami nimelia, lakini mimi nililia vichakani. Leo sikimbii tena. Kama kuna mwenye neno alisemee hapa, kwenye kaburi la Sheikh, mchana huu, Mungu akisikia."

 Kisha kwenye mkeka wa Magu sauti ya kizee ikasema, "Kabula? Ni wewe?"

Alikuwa mama mkwe wangu! Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuniona nilipokuja na sinia. Alikuwa amekaa katikati ya wanawake wenzake na bakora yake magotini. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alipanda lile lori akiwa mgonjwa ili aje amwombee mjukuu wake, kwa kuwa tangu siku ya moto hakujua kama yuko hai au amekufa.

Nikasema, "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Huyo anayetafuna hapo ni nani?"

"Ni Salma, mama."

Akanyoosha mikono yake, ikamgusa mtoto kichwani, mashavuni, mabegani. Akampapasa kama anayetafuta kitu na kukipata. Kisha akaigeukia sinia. "Nipeni huo wali," alisema. "Nimekosa wali wa Kabula tangu mwanangu alipokufa."

Akala. Mwanamke mzee, mama wa marehemu, bibi wa wale watoto, alikula wali wangu mbele ya kila mtu! Kiongozi wa kundi la Magu akanawa, akakaa, akasema bismillahi, akala. Wakala wote. Kutoka mkeka wa Tabora mtu akapaza takbira, matari ya Bukoba yakaitika, na mimi nikalia pale pale na mikono yenye wali.

Hamisi hakula siku ile. Sitawadanganya. Alienda kukaa ndani ya lori mpaka walipoondoka. Alirudi ziyara iliyofuata, akakaa mbali. Ile ya baada yake alifika jikoni na gunia la mpunga begani, akalitua mbele yangu. Akasema, "Shemeji, mke wangu alifariki. Kabla hajafa aliniambia alikupa kanga yake. Mimi sikuweza hata kukupa nafasi ya kusema. Nisamehe." Nilimwambia akae. Nikampakulia mwenyewe, akala huku machozi yanadondoka kwenye sahani.

Mwaka wa uhuru wanawake wa Magu walikuja kuniomba. Walisema, "Rudi utufundishe dhikiri." Nikaingia Magu kwa lori la mchana, nimesimama juu na bendera ya kijani mikononi, na Hamisi ndiye aliyenipa mkono niteremke. Sasa tuna halaka yetu, wanawake wengi, na leo wote wako hapa. Simameni, wanawake wa Magu! Simameni muonekane! Hao ndio watu wangu. Mwenyezi Mungu hakuniokoa niishi nimejificha. Ameniokoa niishi hadharani!

Ndugu zangu, namaliza. Namshukuru Mungu, namwombea rehema Sheikh wetu, namshukuru mama yangu Bi Tatu. Na kama miongoni mwenu kuna mama aliyekuja hapa leo amejifunika uso kwa sababu ya neno walilomwita kijijini kwao, namwambia hivi: mtegemee Mola wako, Yeye anajua usichokifanya. Nyumba ya Bi Tatu iko hapo Igogo, kila mtu atakuonyesha. Njoo na mtoto wako. Njoo mchana kweupe, upite mlango wa mbele.