Meza, Kisha Uniambie: Mama Dirisha Anatuaga

Ijumaa tarehe 30 Juni, muuguzi mkuu wa kliniki ya methadoni, ambaye mji mzima unamwita Mama Dirisha, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, kumi na minne kati ya hiyo akiwa nyuma ya dirisha lilelile. Sisi maafisa wa uangalizi, tunaosimamia watu waliopewa kifungo cha nje, ndio majirani zake: mlango wetu unatazamana na dirisha lake ukumbini. Tumeombwa tuseme machache juu yake. Tutayasema kwa furaha na kwa wivu, maana hatujawahi kumtazama mama huyu bila wivu.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamishiwa kwa majeruhi. Huko alikutana na vijana waliopigwa mtaani kwa kuiba sufuria, mita za maji, hata viatu vilivyoanikwa ukutani. Aliwashona, wakatoka, wakarudi na majeraha mapya. Kliniki ilipofunguliwa, wauguzi wengine walikuwa wakitafuta wa kuwatetea wasipelekwe. Yeye aliomba mwenyewe.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, tufafanue kidogo. Mraibu wa unga, yaani heroini, akikosa dozi hupatwa na arosto: mifupa inamuuma, tumbo linamkoroga, jasho linamtoka kama mwenye homa kali. Akiwa katika hali hiyo hafikirii jela wala aibu, anafikiria nafuu tu, na hapo ndipo kamba ya nguo ya jirani hubaki tupu. Methadoni ni dawa ya maji. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, nayo huizuia arosto mpaka kesho yake. Mtu aliyepata nafuu hana haraka ya kuiba. Anaweza kwenda kibaruani kama wewe na mimi. Sera yenyewe ni hiyo, haina uchawi: ukimtibu mgonjwa, umempunguzia askari kazi.

Kanuni inataka mgonjwa akishameza azungumze, ijulikane kwamba hakuibakiza dawa mdomoni akaiuze nje. Kwingine wanaridhika na neno "asante". Mama Dirisha hakuridhika. "Meza, kisha uniambie jana ulikula nini, na nani," alikuwa akisema, na mtu akaanza kusimulia. Foleni ilikwenda mwendo wa kinyonga, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutoka pale na dawa shavuni.

Ukutani kwetu vilipenya vicheko tu. Kisha watu walewale walivuka ukumbi, wakaketi kwenye viti vyetu vyenye mito, mbele yetu sisi wenye mamlaka ya mahakama, wakatujibu, "Ndiyo, bosi," "Hapana, bosi," huku wakitazama saa ya ukutani. Tuliwauliza wanalala wapi, hatukuambiwa. Yeye aliwauliza habari ya chakula, akaambiwa mpaka ugomvi wa mashemeji. Jamani, inauma.

Aliyetuzidi kwa wivu ni mkuu wa kituo cha polisi. Mwaka jana, ilipojulikana kwamba mama anakaribia kustaafu, alipendekeza kwenye kamati ya usalama kwamba dirisha lihamishiwe kwenye ua wa kituo chake. Alisema watu hawa amewajua tangu wakiwa na meno yote, na hawampi hata salamu.

"Kwako wanakuja kupiga soga, mama," alimwambia. "Wakija kwangu, nitajua nani kaiba nini."

Wajumbe wengi walitikisa vichwa kukubali. Mama Dirisha aliona mara moja kazi yake ya miaka yote inavyokwenda na maji. Mgonjwa anayeogopa pingu hataingia ua ule hata kwa kubebwa. Asipoingia, arosto inarudi, na wizi unarudi nayo. Lakini hakubishana.

"Baba, njoo ukae dirishani wiki moja," alisema. "Wakikuzoea, hamisha."

Alikuja, tena bila sare. Siku ya kwanza foleni ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani, mpaka muuza mitumba mmoja alipochungulia na kupaza sauti, "Haa, mama! Umeota masharubu lini?" Foleni ikaangua kicheko, na mkuu naye akacheka bila kupenda. Siku ya pili nusu ya watu hawakutokea. Siku ya tatu wauzaji wa sokoni walijaa kituoni: mizani imeibwa, maturubai hayapo. Mkuu aliondoka kwenye kiti kabla hajaambiwa.

Kwenye kikao kilichofuata alisimama, akakohoa. "Nimekaa pale siku tatu. Nimefukuza wagonjwa, nikaletewa kesi za wizi. Dirisha libaki lilipo."

Limebaki. Muuguzi anayempokea mama, bwana mmoja mpole kutoka wodi ya majeruhi, amekaa naye miezi mitatu akijifunza kuuliza na, lililo gumu zaidi, kusubiri jibu. Tayari foleni inamwita Shemeji. Miezi mitatu tu! Sisi tuna miaka kumi na minne katika ukumbi huohuo, na bado ni mabosi.

Mume wa mama, fundi cherehani, ametuambia kwamba miaka yote hiyo alimpokea mke aliyeishiwa maneno, na sasa ni zamu yake kusimuliwa. Huyo naye tumeanza kumwonea wivu.

Mama, asante kwa kazi, na kwa subira yako kwetu sisi majirani wenye vijicho. Lala mpaka jua likuamshe. Upate afya, raha na umri mrefu pamoja na fundi wako. Na siku ukipita kutusalimia, anzia mlangoni kwetu kabla hujafika dirishani. Walau mara moja, nasi tupendelewe.